Mbiu ya mgambo ikilia, jembe anabaki nalo nani?

Hebu tuanze na gemu. Kwenye Age of Empires III, gemu ya vita vya kihistoria iliyotoka mwaka 2005, adui akikuvamia nyumbani unabonyeza kitufe kwenye jengo lako kuu, na wanamgambo wanatokea papo hapo. Wanaitwa Minutemen, jina la raia wa Massachusetts, wengi wao wakulima, waliokuwa tayari kushika bunduki mara tu wakiitwa, na waliopigana na Waingereza pale Lexington na Concord tarehe 19 Aprili 1775. Raha, si ndiyo? Ila kuna jambo: tangu wanapotokea, afya yao inashuka yenyewe, hata kama hakuna aliyewagusa, mpaka inabaki 1.

Kwa nini? Tupige hesabu kwa namba za mfano tu. Askari wa kawaida ana afya 200, na anabaki nayo. Mwanamgambo anaanza na 200, anapoteza 2 kila sekunde. Sekunde ya 50 amebaki na 100. Ya 100, kwisha habari. Ukichora grafu, ya askari ni mstatili, ya mwanamgambo ni pembetatu, yaani nusu yake. Ukimwita adui akiwa bado mbali, unazidi kupoteza. Ukimtuma akavamie kwa adui, anafika hoi. Kwa hiyo mgambo anafaa kulinda nyumbani tu, na hawezi kugeuzwa jeshi la bei poa la kushambulia.

Sasa mtu wa Kinole atauliza: mgambo gani huyo anayedhoofika kwa kusimama tu? Swali zuri. Huku kwenye miteremko ya Uluguru, mgambo ni mkulima wa ndizi, karafuu na pilipili manga. Akiitwa, nguvu zake anazo. Kinachodhoofika ni shamba alilotoka.

Hapo gemu ya zamani zaidi, Age of Empires II ya 1999, iko karibu na ukweli. Ukipiga kengele ya mji, wanakijiji wanaacha kazi na kukimbilia ndani ya majengo. Jengo kuu linaanza kurusha mishale mingi zaidi, lakini chakula na kuni hakuna anayekusanya. Wanakijiji 20 wakijificha dakika 1, umepoteza dakika 20 za kazi. Adui mjanja anatuma farasi wawili tu wakupitie mara tatu: dakika 60 zimeenda, na hajaua mtu hata mmoja.

Historia yetu inayo hesabu hiyo hiyo. Idi Amin alipopindua serikali ya Uganda Januari 1971, Mwongozo wa TANU wa mwaka huo ulisisitiza mafunzo ya mgambo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaingia Kagera. Jeshi la Tanzania, lililokuwa na watu wasiofika 40,000, likapanuka mpaka zaidi ya 100,000, na sehemu kubwa ya nyongeza ilikuwa mgambo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979.

Ziangalie tarehe hizo kwa jicho la mkulima wa Uluguru. Oktoba mpaka Desemba ni vuli. Machi mpaka Mei ni masika. Vita ilikula misimu yote miwili ya mvua. Nyumba iliyotoa mtu ilibidi ilime kwa mikono iliyobaki: ya mke, ya wazee, ya watoto.

Kwa hiyo jeshi la muda halijawahi kuwa la bure. Gharama yake ipo. Tofauti ni mahali inapoandikwa. Watengenezaji wa gemu waliiandika kwenye mwili wa askari, kwa sababu mchezaji anaiona haraka. Maishani inaandikwa kwenye ghala, na inasomwa miezi kadhaa baadaye, bunduki zikiwa zimeshanyamaza.

Ningepewa nafasi ya kurekebisha gemu ile, ningemwacha mwanamgambo na afya yake yote, halafu nikapunguza mavuno.