Manukato Kama Zawadi: Kumchagulia Mtu Harufu kwa Kuzingatia Afya Yake

Utangulizi

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, manukato ni zawadi ya heshima. Hupewa bibi harusi, mzazi aliyejifungua salama, mwalimu anayestaafu na mgeni anayeagwa. Katika mwambao na visiwa vya Unguja na Pemba desturi hii ina mizizi mirefu: wageni hunyunyiziwa marashi ya waridi kwa mrashi, nguo hufukizwa udi juu ya chetezo, na wanawake huvaa vikuba vya asumini na rihani. Kumpa mtu harufu nzuri ni kumwambia kwamba anathaminiwa.

Hata hivyo, zawadi hii ina jambo linaloitofautisha na nyingine. Kanga isiyompendeza mtu hukunjwa na kuwekwa sandukuni. Manukato hukaa juu ya ngozi ya aliyepewa, huingia katika mapafu yake, na huvutwa pia na mtoto anayembeba, mwenzi anayelala naye na jirani wa kiti katika daladala. Hao wote hawakuulizwa. Kwa hiyo anayemnunulia mtu manukato hufanya pia uamuzi mdogo wa kiafya kwa niaba ya wengine. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mnunuzi, mgonjwa na mtoa huduma wa afya wanapaswa kuyafahamu ili zawadi ya mapenzi isigeuke kuwa adha.

Kilichomo ndani ya chupa

Manukato mengi ya dukani ni mafuta ya harufu yaliyoyeyushwa katika alkoholi pamoja na maji kidogo. Maneno ya Kifaransa yaliyoandikwa kwenye boksi huonyesha kiasi cha mafuta hayo. Kwa kawaida Eau de Cologne huwa na asilimia 2 hadi 5, Eau de Toilette asilimia 5 hadi 15, Eau de Parfum asilimia 15 hadi 20, na Parfum asilimia 20 hadi 30. Watengenezaji hutofautiana, lakini mpangilio huo unatosha kumwongoza mnunuzi. Atari na halud ni mafuta yasiyo na alkoholi. Tone moja huweza kudumu kutwa nzima, na ndiyo maana hupendwa na wale ambao kwa sababu ya dini au mazoea hawataki alkoholi mwilini.

Harufu ya chupa moja hubadilika kadiri muda unavyopita. Dakika 15 hadi 30 za mwanzo hutawaliwa na viambata vyepesi, kama vile vya limau na machungwa. Baadaye hujitokeza maua na viungo kwa saa kadhaa. Mwisho hubaki vile vizito: sandali, miski, ambari, udi. Mnunuzi anayenusa mara moja dukani na kulipa hununua zile dakika za mwanzo, ilhali aliyepewa ataishi na saa za mwisho.

Kwa nini watu wawili hawanusi kitu kimoja

Viambata vya harufu huruka hewani, hupanda hadi sehemu ya juu ya pua na kunaswa na vipokezi vya neva za kunusia. Binadamu ana takriban aina 400 za vipokezi hivyo. Wanasayansi Linda Buck na Richard Axel walichapisha ugunduzi wa jeni za vipokezi hivyo mwaka 1991, na mwaka 2004 walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Jeni hizo hutofautiana baina ya mtu na mtu. Hivyo harufu inayomburudisha mmoja huweza kumkera mwingine bila yeyote kati yao kuwa na makosa.

Tena, taarifa za harufu hufika haraka katika sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na kumbukumbu. Moshi wa udi humrudisha mmoja harusini na mwingine matangani. Hapana duka linaloweza kuyajua hayo; anayajua mwenyewe atakayepewa, au aliye karibu naye.

Ngozi: mzio unaokuja kwa kuchelewa

Manukato huweza kuidhuru ngozi kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni muwasho wa papo kwa papo, hasa pale ngozi iliponyolewa, iliyochubuka au yenye ukurutu. Ya pili ni mzio wa mguso, ambao huhitaji maelezo zaidi kwa kuwa huwapotosha wengi.

Katika mzio wa mguso, kinga ya mwili kwanza hujifunza kukitambua kiambata fulani. Hatua hiyo haina dalili, na huweza kutokea baada ya siku chache au baada ya miaka ya kutumia manukato yaleyale. Kinga ikishajifunza, kila mguso mpya huleta vipele, wekundu au weusi, uvimbe na mwasho, kwa kawaida baada ya saa 24 hadi 72. Aliyejipulizia Ijumaa huweza kuwashwa Jumapili, naye akailaumu sabuni ya Jumapili. Mahali panapoathirika zaidi ni shingoni, nyuma ya masikio, kwapani, kwenye mikono na kope. Katika ngozi nyeusi madoa meusi huweza kubaki miezi mingi baada ya mwasho kuisha.

Mzio huu ukishajengeka kwa kawaida hudumu maisha yote, na kinga yake ni kukiepuka kiambata kinachohusika. Daktari wa ngozi huutambua kwa kipimo cha viraka: viambata vinavyoshukiwa hubandikwa mgongoni kwa saa 48, kisha ngozi husomwa siku hiyo na tena baada ya siku moja au mbili.

"Ya asili" si lazima yawe salama

Wauzaji wengi husifu manukato kuwa ni ya asili, hayana kemikali. Sifa hiyo isimlewe mnunuzi. Mafuta ya karafuu, ambayo Pemba huyakamua hata kutoka katika makonyo, yana kiambata kikuu kiitwacho eugenoli. Eugenoli ni miongoni mwa viambata 8 vya mchanganyiko unaotumiwa na madaktari wa ngozi duniani kupimia mzio wa manukato. Mafuta ya mlangilangi, ambayo Visiwa vya Komoro vinasifika kwayo, nayo hujulikana kusababisha mzio kwa baadhi ya watu. Mafuta ya bergamoti yasiyosafishwa, ngozi iliyopakwa ikipigwa na jua, huweza kuacha michirizi ya weusi. Ua na kiwanda vyote hutoa kemikali. Ngozi haiulizi asili yake.

Umri wa chupa nao una maana. Linaloli na limonini, viambata vilivyo katika manukato mengi, vikikutana na hewa kwa muda mrefu hugeuka kuwa vitu vyenye uwezo mkubwa zaidi wa kuleta mzio. Chupa iliyokaa wazi juani kwenye meza ya mchuuzi, au iliyobaki nusu tangu miaka iliyopita, haifai kupewa mtu.

Katika Umoja wa Ulaya, sheria iliyoanza kutumika mwaka 2005 iliwataka watengenezaji kutaja kwenye boksi viambata 26 vya harufu vinavyojulikana kuleta mzio, na mwaka 2023 orodha hiyo ilipanuliwa kupita 80. Ndiyo sababu mabokisi mengi yana maandishi madogo yenye majina kama Eugenol, Linalool, Limonene na Geraniol. Mtu aliyekwisha kupimwa na kukijua kiambata kinachomdhuru anaweza kuyasoma kabla ya kutumia. Chupa isiyo na boksi, isiyo na orodha wala jina la mtengenezaji humnyima nafasi hiyo. Manukato bandia ya bei ya kutupa yana hatari ya ziada: huweza kuchanganywa na methanoli, ambayo ni sumu.

Mapafu na kichwa

Kwa mgonjwa wa pumu, harufu kali ni miongoni mwa vichochezi vinavyoweza kubana mirija ya hewa, akaanza kukohoa, kubanwa kifua na kutoa mlio wa filimbi anapopumua. Hapa tatizo si mzio wa ngozi. Hata aliyekaa mbali na aliyejipulizia huweza kudhurika. Moshi wa udi na ubani huongeza mzigo, kwa kuwa kila kinachoungua hutoa chembe ndogo na hewa ya kaboni monoksaidi. Nyumba yenye mgonjwa wa pumu, mtoto mchanga au mzee mwenye ugonjwa sugu wa mapafu haifai kufukizwa milango ikiwa imefungwa. Wenye kipandauso nao mara nyingi hueleza kwamba harufu kali huamsha maumivu au kuyazidisha.

Wanaohitaji uangalifu wa pekee

Mjamzito, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo, huweza kuchafukwa na harufu aliyoipenda zamani. Zawadi yake inaweza kungoja. Mzazi aliyejifungua apewe kitu asichopaswa kukipaka kifuani, kwa kuwa mtoto mchanga humtambua mama kwa harufu ya mwili wake, na ngozi ya mtoto ni nyembamba. Mtoto mwenyewe hahitaji manukato kabisa. Chupa iwekwe mbali na watoto: mtoto akinywa manukato hupata ulevi, na sukari ya damu yake huweza kushuka kwa kiwango cha hatari. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe.

Mgonjwa anayepata tibakemikali ya saratani mara nyingi ana kichefuchefu, na harufu anayoinusa siku za dawa huweza kumchukiza kwa muda mrefu baadaye. Anayetumia oksijeni asipuliziwe manukato ya alkoholi, wala asifukiziwe udi karibu, kwa kuwa oksijeni huchochea moto.

Wapo pia waliopoteza uwezo wa kunusa, kwa uzee, kwa jeraha la kichwa au baada ya kuugua UVIKO-19. Wengine hunusa, lakini waridi huwajia kama uozo. Kwao chupa ya manukato ni ukumbusho wa walichopoteza. Mzee aliyeanza kujipulizia kupita kiasi huenda hanusi tena; asichekwe, bali ashauriwe kupimwa, kwani kupungua kwa kunusa huweza kuwa dalili ya awali ya magonjwa kama Parkinson.

Mwisho, hali ya kijamii izingatiwe. Mjane Mwislamu aliye katika eda ya kufiwa hajitii manukato kwa miezi minne na siku kumi. Anayempelekea chupa wakati huo humpa zawadi asiyoweza kuitumia.

Manukato yasifiche ugonjwa

Wakati mwingine manukato hutolewa kama dokezo: mtu ananuka, na ndugu zake wanaona haya kumwambia. Zawadi ya namna hii humwumiza mpokeaji akiielewa, na humchelewesha kupata tiba asipoielewa. Kinywa kinachonuka huweza kuwa na ugonjwa wa fizi. Ute wa ukeni wenye harufu ya samaki ni dalili ya maambukizi yanayotibika, na kupulizia manukato sehemu za siri huongeza muwasho tu. Mwanamke anayevuja mkojo au kinyesi tangu alipojifungua kwa shida huenda ana fistula, ambayo hutibiwa kwa upasuaji. Anachohitaji ni mtu wa kumsindikiza hospitali, si chupa ya kumsaidia kujificha.

Namna ya kuchagua

Kuuliza si ujinga. Mwulize mhusika, au aliye karibu naye, mambo matatu: anatumia nini sasa, kuna harufu inayomdhuru au kumkera, na nyumbani kuna mwenye pumu au mtoto mchanga? Ukiwa dukani, usinuse zaidi ya aina tatu au nne kwa mara moja, maana pua huchoka. Pulizia kwenye karatasi, toka nje, na urudi kunusa baada ya saa moja au mbili. Iwapo humjui vizuri mpokeaji, chagua mchanganyiko hafifu na chupa ndogo iliyofungwa, na umwachie nafasi ya kuibadilisha.

Anayepokea naye ajaribu kidogo kwanza: apake kiasi kidogo ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku kwa wiki moja, kabla ya kujipulizia shingoni. Akiona vipele, aache na aende kituo cha afya. Anayeipenda harufu lakini ngozi haimruhusu anaweza kupulizia nguo badala ya mwili, mradi nyumbani hamna wa kudhurika kwa kuivuta.

Kwa watoa huduma wa afya

Mgonjwa mwenye ukurutu usiopona aulizwe kuhusu manukato, mafuta ya nywele, sabuni na udi, na pia kuhusu zawadi alizopokea karibuni. Wengi hawavihesabu kuwa vitu vya kumweleza daktari. Mtoa huduma mwenyewe asijipulizie anapoingia wodini. Pamoja na kuwalinda wagonjwa, atailinda pua yake, ambayo ni chombo cha kazi: pumzi yenye harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi humwonya juu ya mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa, na harufu ya kidonda humwambia jambo kabla bandeji haijafunguliwa.

Hitimisho

Manukato yataendelea kuwa tunu katika jamii zetu, na hapana sababu ya kiafya ya kuwazuia wengi kuyafurahia. Linalotakiwa ni kuanza kwa kumjua mtu ndipo ichaguliwe chupa. Pale majibu yanapokosekana au yanapotia shaka, kanga nzuri au kitabu hufikisha mapenzi yaleyale, na kila aliyemo nyumbani ataendelea kupumua kwa raha.