Kwa nini faiba ya Nairobi haina kikomo na bando la Mabamba linaisha mchana?

Kama una ndugu anayeishi Nairobi au Dar es Salaam kwenye nyumba iliyounganishwa faiba, huenda umeshamwona kwenye simu ya video akiwa ametulia, hana haraka, na nyuma yake watoto wanaangalia katuni. Wewe upo Mabamba, umesimama kwenye kichuguu nyuma ya nyumba kutafuta mtandao, na unajua dakika kumi zaidi zikipita bando la siku limekwisha. Anakuuliza, "Mbona unakatika katika?" Hajui kwamba yeye analipa kwa mwezi na wewe unalipa kwa kipimo, kama mtu anayenunua mafuta ya mawese kwa kikopo wakati mwenzake ananunua dumu.

Tuanze na bei zenyewe. Nchini Kenya, kampuni ya Safaricom imekuwa ikiuza kifurushi chake cha chini cha faiba ya nyumbani kwa shilingi 2,999 za Kenya kwa mwezi, takriban shilingi 60,000 za kwetu. Kinachouzwa pale ni kasi. GB hazihesabiwi moja moja. Kwetu Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliweka bei elekezi ya intaneti kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35 kwa MB moja. GB moja ni MB 1,024. Ukizidisha, GB moja inaangukia kati ya shilingi 2,079 na shilingi 9,574. Hata kwa bei ya chini kabisa, shilingi 60,000 zinakupa GB 29 hivi. Nyumba yenye watoto wanaoangalia video saa mbili kila siku inaweza kuzimaliza mwezi haujaisha.

Hapo ndipo wengi wanasema tunaibiwa. Tusikimbilie huko. Ziko sababu kadhaa, na nyingine ni za kudai zirekebishwe.

Data haiishi kama mahindi ghalani

Kwanza tuondoe dhana moja. Intaneti si mzigo uliopo stoo ambao ukiutumia wewe unapungua. Hakuna ghala la GB. Kilicho na kikomo ni njia inayozipitisha. Fikiria bomba la maji la kijiji: tatizo linakuja pale kaya zote zinapofungua koki saa moja jioni, hata kama chanzo kimejaa. Kikomo cha bando ni namna ya kuwazuia watu wasifungue koki zote kwa pamoja, au ya kumtoza zaidi anayeacha koki wazi.

Kwa hiyo swali la kwa nini nchi moja ina kikomo na nyingine haina linageuka kuwa swali la bomba: ni jembamba wapi, na nani analimiliki?

Afrika Mashariki bomba lilikuwa jembamba baharini. Kabla ya mwaka 2009 pwani yetu haikuwa na mkongo wa faiba wa chini ya bahari, na mawasiliano ya intaneti na dunia yalitegemea satelaiti, kwa gharama kubwa. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Bei zikaanza kushuka.

Afrika Kusini inaonyesha jambo hili vizuri. Ilikuwa na mkongo wa baharini mapema kuliko sisi, lakini uliokuwa mikononi mwa kampuni moja. Familia zenye intaneti ya nyumbani zilikuwa zikipewa GB 3 kwa mwezi na kuambiwa zitoshe. Baada ya SEACOM kuleta njia nyingine, Machi 2010 kampuni ya MWEB ikatangaza intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo, na wengine wakalazimika kufuata. Nyaya za simu zilizoingia majumbani zilikuwa zile zile. Kilichobadilika kilikuwa baharini, na idadi ya wauzaji. Ufaransa nako, mwaka 2002, kampuni ya Free ilianza kuuza intaneti isiyo na kikomo kwa yuro 29.99 kwa mwezi, na washindani wake wakashindwa kuendelea kuuza kwa bei za zamani.

Kutoka bahari hadi kilima chetu

Sasa sisi tuna mikongo baharini. Tatizo letu limehamia nchi kavu.

Video unayoiangalia Mabamba, kama imetoka ng'ambo, inatua pwani. Kutoka pale inasafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwa faiba hadi ukanda wetu wa Kibondo na Kasulu, sehemu kubwa ya safari ikiwa kwenye njia kama Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaosimamiwa na TTCL. Video zinazopendwa sana huwekewa nakala kwenye mitambo iliyopo Dar es Salaam ili zisivuke bahari kila mara, lakini hata hizo lazima zipande hadi huku. Uliona wenyewe Mei 2024: mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini upande wa kusini, intaneti ilisumbua nchi nzima, hadi vijijini ambako hakuna aliyewahi kuiona bahari.

Kipande cha mwisho ndicho ghali kuliko vyote kwa kila mteja. Mtaa wa ghorofa jijini Nairobi una kaya arobaini kwenye jengo moja. Fundi anaingiza waya mmoja wa faiba, anaugawa, na gharama ya kuchimba mtaro inabebwa na watu arobaini. Huku kwetu nyumba zimetawanyika, kila moja na shamba lake la migomba, na kutoka nyumba hadi nyumba unaweza kuvuka kijito. Kampuni ikipiga hesabu ya mtaro, inafunga daftari. Inaweka mnara.

Mnara ni kitu kizuri, lakini unagawa hewa. Chukulia mnara unaoweza kupitisha video ishirini zilizo safi kwa wakati mmoja. Wa ishirini na moja akiingia, wote wanaanza kukwama. Ndiyo maana ruta ya laini ya simu inayowekwa nyumbani, hata ikiuzwa kwa jina la "bila kikomo", mara nyingi ina masharti kwamba ukipita kiasi fulani kasi inapunguzwa. Hata faiba ina sharti la namna hiyo, ila kiasi chake ni kikubwa na familia ya kawaida haikifikii.

Mnara pia unakula umeme. Kwa miaka mingi wilaya zetu zilitegemea umeme wa majenereta ya dizeli, na mnara ulio mbali na laini ya umeme unahitaji jenereta au sola, mlinzi na fundi wa kuja masika barabara ikiwa tope. Gharama hizo hazipungui kwa sababu wateja ni wachache. Ndiyo sababu serikali ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, unaotoa ruzuku ili kampuni zijenge pale ambapo biashara peke yake isingewapeleka. Mei 2023 zilisainiwa hati za ujenzi wa minara 758 vijijini kwa utaratibu huo.

Na satelaiti? Starlink ilianza Kenya Julai 2023, na wengi waliona hilo ndilo jibu kwa kuwa haihitaji mtaro wala mnara. Lakini Novemba 2024 ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na maeneo jirani kwa sababu nafasi ilijaa. Bomba tena, safari hii angani.

Kodi inauma, lakini haielezi tofauti

Huduma ya mawasiliano Tanzania imekuwa ikitozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 17, na juu yake VAT ya asilimia 18. Kwa viwango hivyo, katika kila shilingi 1,000 unayolipa, karibu 276 ni kodi hizo mbili. Kenya ilishusha ushuru wake kutoka asilimia 20 hadi 15 mwaka 2023, na VAT yao ni 16. Kwa viwango hivyo ni kama 250 katika kila 1,000. Uganda, baada ya kuachana na ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii, iliweka asilimia 12 kwenye data mwaka 2021, pamoja na VAT ya 18. Ni kama 243. Tofauti ya shilingi 26 au 33 katika elfu haitoshi kueleza kwa nini mmoja anaangalia mpira hadi mwisho na mwingine anaishia kipindi cha kwanza. Anayekuambia kila kitu ni kodi hajapiga hesabu.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwenye bei: kipato. Umoja wa Mataifa kupitia tume yake ya intaneti ulilenga kwamba ifikapo 2025 kifurushi cha kuanzia kisizidi asilimia 2 ya pato la mwezi la mtu mmoja. Shilingi 60,000 kwa mwenye mshahara Nairobi ni bili moja kati ya bili zake. Kwa mkulima wa maharage Mabamba ni fedha ya msimu, na kampuni inajua hivyo, ndiyo maana inakuuzia kwa siku na kwa wiki. Lakini kununua kidogo kidogo mara nyingi ndiko kunakogharimu zaidi kwa kila MB. Gawanya bei kwa idadi ya MB kabla hujabonyeza. Bando la siku lenye jina tamu linaweza kuwa ghali kuliko la mwezi mliochangia nyumba tatu.

Ng'ambo ya mpaka

Wengi wetu tuna laini mbili, moja ya huku na moja ya Burundi, na sokoni watu hulinganisha. Halotel ya huku na Lumitel ya kule zote ni za kampuni moja, Viettel ya Vietnam. Kwa nini basi bei hazifanani? Burundi haina bahari. Intaneti yake lazima ipite nchi za jirani, ikiwemo Tanzania, na kupita kuna malipo. Kila nchi ina leseni zake, kodi zake na fedha yake. Mei 2023 Burundi ilishusha thamani ya faranga kwa mkupuo, na bado bei ya faranga benki na ile ya mtaani zimekuwa mbali sana. Ukibadilisha fedha mtaani, bando la kule linaweza kuonekana rahisi. Ukipiga hesabu kwa bei ya benki ni ghali. Bando ni lile lile.

Jambo moja la kufanya leo kama unaishi karibu na mpaka. Simu hutafuta mnara wenye nguvu, haijui mpaka uko wapi. Ikinasa mnara wa ng'ambo inaweza kuanza kukutoza kama msafiri aliye nje ya nchi, na salio likaisha bila wewe kutoka sebuleni. Fungua mipangilio, nenda sehemu ya mtandao wa simu, zima kile kipengele ambacho simu nyingi hukiandika Data Roaming, kisha chagua mtandao wako mwenyewe badala ya kuiachia simu ichague. Mama au babu asiyejua mambo hayo, mfanyie.

Na kutusikiliza kupitia intaneti kunakula kama MB 29 kwa saa kwa sauti ya kawaida. Kwa redio ya FM ni bure.