Tairi 22 na Roho Moja: Kwa Nini Mwenye Trela Shieywe Halali Usiku

Kuna watu wa aina mbili Shieywe ambao simu ikilia saa nane usiku hawaulizi "nani mwenzangu?" Wa kwanza ni daktari wa zamu. Wa pili ni mwenye trela. Daktari anaamka haraka akitafuta viatu. Mwenye trela hana haja ya kuamka, juu hakuwa amelala.

Simu yenyewe huwa fupi. "Mdosi, imepasuka." Hakuna salamu, hakuna mulembe. Na ukweli usemwe, wadosi wengi swali lao la kwanza si "mko salama?" Swali la kwanza ni "Ni gani?" Dere akijibu "ile ya nyuma kushoto," mdosi anapumua kidogo. Akijibu "ile mpya," kunanyamaza kabisa, mpaka bibi ya mdosi anawasha taa kuangalia kama bado anapumua.

Kwa wasee wanaojua Kakamega kwa sababu ya ingokho na fahali wa kupigana pekee: Shieywe ndiyo lokesheni ambayo mji wa Kakamega umekalia. Katikati ya mji inapita barabara inayotoka Kisumu kwenda Webuye na Kitale. Simama kando yake nusu saa tu. Utaona trela za simiti, tenka za mafuta, malori ya mahindi, na trakta zinavuta mlima wa miwa kuelekea viwanda vya upande wa Malava, Butali na West Kenya. Mizigo ni tofauti lakini wenyewe wana ugonjwa mmoja, na huo ugonjwa ni wa mviringo, mweusi, na umejaa upepo.

Hesabu inayonyima mtu usingizi

Wacha tuhesabu pamoja. Trela ya kawaida ya masafa marefu, kichwa chake kina tairi 10: mbili za mbele na nane za nyuma. Trela yenyewe ina ekseli tatu, kila moja na tairi nne, hiyo ni 12. Jumla ni 22, na hatujahesabu spea.

Sema tu tairi moja ni thao 30, na kuna za bei kali kuliko hiyo. Zote 22 ni 660,000. Hiyo ni ploti mahali, ama harusi mbili za heshima na keki ibaki. Hiyo pesa yote inazungushwa kwa lami, inagongeshwa mashimo, na inaendeshwa na msee ambaye mdosi alimwona mara ya mwisho Jumanne.

Na usidhani kuna kiwanda hapa karibu cha kutuokoa. Sameer Africa, wale wa tairi za Yana, walifunga kiwanda chao cha Nairobi mwaka 2016. Kwa hivyo dola ikipanda, mwenye trela Shieywe anaijua kabla ya watu wa benki.

Ni uchawi, ni jirani, ama ni presha?

Tairi ikipasuka, kila mtu huwa na theori. Tanboi anasema ni jua. Shemeji anasema ni jicho la jirani, tangu aone mdosi amenunua kichwa kipya. Pasta anasema ni vita vya kiroho. Dere anasema ni shimo, na hilo shimo halijawahi kuonekana na mtu mwingine yeyote.

Sasa skiza vile mambo hufanya kazi. Kitu kinabeba mzigo kwa trela ni upepo. Raba ni mfuko tu wa kuushika. Saloon ya kawaida inataka presha kama 32. Tairi kubwa ya trela inataka kama 110 hadi 125. Upepo ukipungua, kuta za tairi zinaanza kujikunja na kujikunjua kila mzunguko, na hii ni mizunguko mamia kwa kila kilomita. Chukua waya ukunje ukikunjua haraka haraka, uguse pale katikati. Ni moto, si ndiyo? Ndiyo hiyo inatendeka ndani ya tairi kutoka Kisumu, ikipanda milima ya Maragoli, mpaka Kakamega. Raba inapikwa polepole mpaka inaachana na nyaya zake. Halafu ndiyo unaona ile ngozi ndefu nyeusi imelala barabarani kama nyoka aliyegongwa.

Wataalamu wa tairi wana sheria moja rahisi: tairi ikipoteza asilimia 20 ya presha yake, ihesabu kama imeisha upepo. Kwa tairi ya 120, hiyo ni 96. Na uchungu uko hapa: ukiiangalia kwa macho, tairi yenye 96 inakaa fiti kabisa. Ile njia ya zamani ya kugonga tairi na rungu ukiskiza sauti itakuambia imekufa ama bado. Haiwezi kukuambia kwamba iko njiani kwenda kufa.

Pacha akilala, mwenzake anabeba maiti

Tairi za trela hukaa mbili mbili, kama mapacha. Sheria ya mizigo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 24 kwa ekseli tatu zilizofuatana. Gawanya kwa tairi 12, kila moja inabeba tani 2. Poa.

Sasa pacha mmoja akikosa upepo, anaacha kubeba. Mwenzake anarithi kila kitu: tani 4 kwa tairi ambayo, ukiisoma ubavuni, imeandikwa inabeba tani 3 na kitu ikiwa ya pacha. Atavumilia, halafu atakata tamaa. Ndiyo maana dere husema zimepasuka mbili zikifuatana na mdosi anakataa kuamini. Hiyo moja dere hajadanganya, mdosi. Ya pili iliuawa na ya kwanza.

Na hapo tumehesabu trela inayofuata sheria. Ukiongeza tani za "si ni kidogo tu", hesabu inaharibika haraka. Mzani wa Webuye utakushika ukipita huko. Tairi nayo haina mzani, haiandiki risiti, na huwezi kuongea nayo pembeni.

Soma ubavu wa tairi kama unasoma DM

Kila tairi ina siku yake ya kuzaliwa. Tafuta ubavuni herufi DOT, fuata mpaka namba nne za mwisho. Ukiona 2319, hiyo tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba huzeeka hata ikiwa imekaa dukani ikila vumbi. Kwa hivyo mtu akikuuzia "mpya, haijaguswa," soma kwanza. Inaweza kuwa haijaguswa tangu ukiwa darasa la nne.

Halafu kuna zile za kuvalishwa raba upya, retread. Hizi husingiziwa kila kitu. Ukweli ni kwamba hata ndege hutua na tairi za kuvalishwa upya. Huko Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliokota vipande vya tairi za malori barabarani wakavichunguza, na ripoti ikatoka mwaka 2008. Retread hazikuonekana kufa kuliko wingi wake barabarani. Mpya na za kuvalishwa zilikuwa zinauawa na vitu vile vile, kama vyuma na mawe ya barabarani, joto na matunzo mabaya. Shida huja ukivalisha nguo mpya mwili ambao tayari umeoza ndani. Hiyo hata kwa binadamu haifanyi kazi.

Vita baridi ya mdosi na dere

Hapa ndipo stori inaingia kwa drama. Mdosi haogopi tu tairi kupasuka. Anaogopa tairi iliyopasuka si ile alinunua. Biashara ya kubadilisha tairi njiani ipo, mpya inashuka, nzee inapanda, na tofauti inaingia kwa mfuko wa mtu. Ndiyo maana wadosi huchoma namba ya gari kwenye ubavu wa tairi na chuma cha moto, kama ng'ombe. Wengine wanataka picha ya tairi kila asubuhi kwa WhatsApp. Bibi anatumiwa "gm" bila emoji, tairi inaombwa selfie.

Lakini dere naye ana upande wake. Kuna wadosi ambao tairi ikipasuka wanaikata kwa mshahara. Sasa fikiria: dere ameona tairi imevimba. Akisema, anaambiwa "enda nayo tu pole pole, utafika." Akinyamaza na ipasuke, analipa. Akisimama ishughulikiwe, mzigo unachelewa na anaitwa mvivu. Basi anachagua kunyamaza na kuomba. Mdosi anakosa usingizi Shieywe, dere anakosa usingizi njiani, na hakuna hata mmoja anayejua presha ni ngapi. Woga umejaa kuliko upepo.

Wakati kicheko kinaisha

Hadi hapo tumecheka. Lakini tairi ikipasuka, mara nyingi anayeumia si mwenye kuikosea usingizi.

Kwanza kuna mkulima. Muwa ukishakatwa unaanza kukauka na sukari yake kupungua. Trela ikilala njiani siku mbili, mzani wa kiwanda hautauliza kama ilikuwa pancha. Kilo zimepotea, na gharama ya usafiri bado itakatwa kwa malipo yake.

Pili kuna wewe, usiku, ukiwa kwa nduthi. Trela ya miwa imekufa tairi katikati ya barabara, haina taa, haina pembetatu za kung'aa ambazo sheria inataka. Kitu iko ni matawi mawili yamewekwa hatua tano nyuma yake. Matawi hayang'ai. Taa ya nduthi ikiyaonyesha, tayari uko kwa miwa. Kama unaendesha usiku upande wa Malava ama Mumias, ukiona majani barabarani punguza mwendo hapo hapo. Yule aliyeyaweka alikuwa anajaribu kukuambia kitu.

Tatu, na hii ndiyo haisemwi, kuna jamaa wa pancha. Tairi iliyokimbizwa bila upepo nyaya zake za ubavuni zimeshachoka, hata kama nje inakaa safi. Akianza kuijaza, waya mmoja unakatika, unaofuata unakatika, mpaka ubavu unafunguka wote kwa mara moja kama zipu. Presha ya 100 ikitoka hivyo inaweza kumuua mtu aliyeinama juu yake. Na zile rim za zamani za kufungwa na ring, ring ikiruka inaruka kama panga. Kazi hii hufanywa na vijana wa rika letu, kando ya barabara, bila kizimba cha chuma cha kuzuia tairi, kwa pesa ya chai.

Ukiwa huyo kijana, ama ndugu yake, shika haya: usisimame mbele ya ubavu wa tairi wala kuinama juu yake. Tumia paipu ndefu yenye kichwa cha kujishika chenyewe na ukae mbali, upande wa zile kashata za tairi. Ukiskia inalia "tak, tak" ndani, usiguse kitu, ondoka. Na dere akikuambia "nimeikimbiza kidogo tu ikiwa flat," itolewe, ikaguliwe ndani kwanza, kabla hujaijaza.

Dawa ya usingizi wa mdosi

Kama mzae wako, mjomba wako ama wewe mwenyewe una trela, dawa haihitaji pasta wala mganga. Nunua geji ya presha ya lori. Ukilinganisha na tairi moja, bei yake ni kama chenji. Pima asubuhi kabla gari haijatoka, tairi zikiwa baridi, zote 22, pamoja na zile za ndani ambazo tanboi huruka kwa sababu kuzifikia ni kazi. Ziandike kwa kitabu. Mchana tairi ikiwa moto presha hupanda yenyewe, kwa hivyo usiipunguze. Toa mawe yaliyokwama katikati ya mapacha. Weka pembetatu za kweli ndani ya gari, matawi yabaki kwa miti yake.

Halafu mwambie dere kitu kimoja: ukiripoti tairi mbaya kabla haijapasuka, hukatwi hata shilingi. Siku hiyo ndiyo dere ataanza kusema ukweli, na presha itajulikana kabla ya saa nane usiku.

Simu bado italia siku moja, juu misumari iko kila mahali na barabara ni barabara. Lakini mdosi ikikupata, jaribu kuanza na lile swali lingine: "Mko salama?" Tairi imeshakufa tayari, na kesho kutwa itakuwa akala sokoni. Dere na tanboi hawana spea.