Umetuma Mshahara kwa Simu. Na Makato Je?

Umeajiri dada wa nyumbani au kijana wa dukani? Kumtumia mshahara kwa simu ni nusu ya kazi tu. Sheria inakutaka upeleke pia makato yake, hata kama mfanyakazi ni huyo mmoja.

Tuchukue mshahara wa shilingi 20,000 kabla ya makato:

- SHA: asilimia 2.75, yaani 550, kutoka kwake pekee.
- NSSF: asilimia 6 kila mmoja. Yeye 1,200, wewe 1,200.
- Ushuru wa nyumba: asilimia 1.5 kila mmoja. Yeye 300, wewe 300.

Kwa mshahara huu PAYE haikatwi. Yeye anapokea 17,950, nawe unaongeza 1,500 kutoka mfukoni mwako. Lipa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Ukikata bila kupeleka, yeye ndiye ataumia: atafika hospitali na mtoto mgonjwa, aambiwe malipo ya SHA hayajaingia. Nawe utadaiwa hizo pesa pamoja na faini.

Mfanyakazi, usingoje uugue ndipo uulize. Piga *147# uone kama SHA yako iko sawa. Na nyote wawili, tunawashauri msifute meseji za malipo. Mkibishana siku moja, ndizo ushahidi.