Dawa za saratani ya tezi dume iliyosambaa: zinatofautianaje?

Kama unamhudumia mume, baba au babu mwenye saratani ya tezi dume iliyosambaa, huenda umeshasikia majina haya kliniki: abirateroni, enzalutamidi, dosetakseli. Ninapotembelea familia huulizwa ipi ni kali zaidi. Afadhali uulize ipi inamfaa mgonjwa wako. Zote zinaweza kurefusha maisha, lakini hakuna inayoumaliza kabisa ugonjwa uliokwisha kufika kwenye mifupa.

Saratani hii hulishwa na homoni ya kiume. Ndiyo maana matibabu huanza kwa kuizima homoni hiyo, kwa sindano ya kila mwezi au kila miezi mitatu, au kwa kuondoa korodani. Dawa nyingine huongezwa juu ya hapo. Dada mmoja aliacha kumpeleka baba yake sindano akidhani vidonge vipya vimechukua nafasi yake. Havichukui, labda daktari mwenyewe aseme.

Abirateroni humezwa tumbo likiwa tupu: angalau saa mbili baada ya kula, kisha mgonjwa akae saa moja kabla ya kula tena. Akimeza pamoja na uji, dawa nyingi kupita kiasi huingia mwilini. Huambatana na prednisoloni. Usiiache kwa kuona ni kidonge cha pumu tu. Abirateroni inaweza kupandisha presha na kudhuru ini, na prednisoloni hupandisha sukari, hivyo vipimo visirukwe. Na wewe mama, kama ni mjamzito, usivishike vidonge vya abirateroni kwa mikono mitupu. Vaa glavu au mwachie mwingine.

Enzalutamidi haihitaji prednisoloni, na huliwa hata na chakula. Ila huchosha, na wazee huanguka. Aliyewahi kupata kifafa au kiharusi, daktari ajue kabla ya kuanza.

Dosetakseli huingia kwa dripu kila baada ya wiki tatu. Nywele hunyonyoka, vidole hufa ganzi, na kinga hushuka. Homa ikifika nyuzi 38 usimpe panadoli ukasubiri kukuche. Mpeleke hospitali usiku huohuo.

Vivyo hivyo, awe anatumia dawa yoyote, miguu ikilegea ghafla au akishindwa kukojoa: huenda uti wa mgongo unabanwa, na akichelewa anaweza asitembee tena.