Vitafunwa vya protini vya kwenye pakiti: afya au usanii?

Ukipita supamaketi za hapa Dar siku hizi, au kaunta za jimu, utavikuta vipande vya mfano wa chokoleti, biskuti, hadi krispi, vyote vimeandikwa protini kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Kimoja cha gramu 60 nimekiona kwa shilingi 8,000. Washikaji wanakula hicho badala ya msosi wa mchana, na kinamama wengine wanawawekea watoto kwenye mabegi ya shule. Mi sio daktari, nimeishia fomu foo, lakini kusoma lebo hakuhitaji digrii.

Kwanza tuwe wakweli: protini imo. Kipande cha saizi hiyo mara nyingi kina gramu 15 hadi 20. Inatoka kwenye soya, au kwenye yale maji yanayobaki wakitengeneza jibini, yanakaushwa yakawa unga. Tatizo ni kwamba unga huo peke yake haulambiki. Kwa hiyo wanatia vitu vitamu, mafuta na vya kunatisha, na hapo ndipo mchezo ulipo.

Kwenye lebo, vilivyomo hupangwa kwa uzito, kikubwa kinaanza. Mwenye ujanja anaigawa sukari: hapa sukari, pale sirapu ya glukosi, kule asali au juisi ya tende. Kila moja inashuka chini kwenye orodha, wewe unaona haina uzito. Zijumlishe! Kipande chenye gramu 16 za sukari ni sawa na vijiko vinne vya chai. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu unayokula, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Hapo hujanywa soda bado.

Haya, na zile za "bila sukari"? Hizi ndizo zilizonifanya niandike. Shangazi yangu ana kisukari, akaletewa boksi zima kama zawadi, eti ale bila wasiwasi. Nikageuza pakiti: maltitoli. Hiyo inapandisha sukari kwenye damu pia, ila kidogo kuliko sukari ya kawaida, na ukizidisha inajaza gesi na kuharisha. Zinazotoka Ulaya zinalazimika kuandika onyo la kuharisha zikiwa nayo zaidi ya asilimia 10, lakini maandishi yenyewe mpaka uvae miwani. Tena kisukari kikikaa muda mrefu kinaharibu figo, na wagonjwa wengi wa figo huambiwa na daktari wapunguze protini. Sasa unampa mtu wa hivyo boksi la protini bila kumuuliza daktari wake, jamani!

Na hili neno protini lina historia mbaya. Kipimo cha zamani cha maabara, kilichobuniwa na Kjeldahl kule Copenhagen mwaka 1883, hakipimi protini yenyewe, kinapima naitrojeni halafu wanakadiria. Mwaka 2008 kule China watu walitia melamini, kemikali ya viwandani yenye naitrojeni nyingi, kwenye maziwa yaliyochakachuliwa kwa maji ili yaonekane yana protini. Watoto wachanga 6 walikufa na wapatao 300,000 waliugua. Sisemi vipande vyetu vina melamini, hapana. Nasema namba kwenye pakiti ni ya kuangalia nani kaithibitisha, na hapa kwetu tangu 2019 kazi ya chakula iko TBS.

Sasa hesabu ya mfukoni. Mtu mzima mwenye kilo 60 anahitaji kama gramu 50 za protini kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi. Glasi ya maziwa 8. Kikombe cha maharage yaliyopikwa 15. Ugali nao una zake, watu wanausahau, na dagaa wakavu ndio usiseme. Yai la kuchemsha kwa muuza mayai wa mtaani kwangu ni 500, kwa hiyo ile 8,000 inakupa mayai 16, karibu gramu 96!

Mwenye safari ndefu au anayetoka mazoezini hana pa kula, kimoja hakimuui. Ila kukifanya chakula cha mtoto kila siku, mi naona ni hela ya bure.

Karanga pia ni nzuri, gramu 100 zina protini kama 25. Ila chagua, maana karanga zilizoota ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi, na kukaanga hakuimalizi. Zilizosinyaa au kubadilika rangi weka pembeni, na ukitafuna ukasikia uchungu, tema.