Je, Wajua? Treni Moja, Vichwa Viwili, Kimoja Hakivuti!

Kwa miaka mingi, treni za dizeli za abiria za Long Island Rail Road, New York, zilikuwa na kichwa kila upande. Kimoja tu ndicho kilichovuta. Cha pili kilikuwa kichwa kikuukuu kilichoondolewa mota za magurudumu. Injini yake ilizalisha umeme wa taa na vipasha joto vya mabehewa.

• Kichwa hicho kikuukuu kilikuwa pia chumba cha dereva. Treni ilipogeuza safari, dereva alihamia huko na kuendesha huku treni ikisukumwa kutoka nyuma. Hakuna kichwa kilichohitaji kuzungushwa.

• Miongoni mwa vichwa vilivyovuta vilikuwa vidogo vya aina ya MP15AC, vilivyoundwa 1977. Kila kimoja kina nguvu za farasi 1,500. Vilipanga mabehewa yadini, na pia vilivuta treni safarini.

• Treni ilipokuwa nzito, vichwa viwili vya kuvuta viliunganishwa upande mmoja. Dereva mmoja aliviendesha vyote kwa pamoja.

• Kampuni yenyewe ilianzishwa 1834. Ndiyo reli kongwe zaidi Marekani inayoendelea na kazi kwa jina lake la awali.